Mkono wa Pili

Alifumua mkono wa sweta kwa mara ya tatu, akaanza upya. Vitanzi arobaini na vinne. Alivihesabu kwa midomo bila kutoa sauti, macho yakimruka kila mara kwenda kwenye mlango wa upasuaji.

Mtaani walimwita Bibi Sufu. Alifuma kwenye foleni ya benki, alifuma harusini, alifuma akisubiri maji yachemke. Aliwahi kumfumia mkwewe soksi, moja ya mtu mzima, ya pili ya mtoto. Mkwe, kwa adabu zake, akazivaa zote mbili na kuchechemea siku nzima. Kofia aliyomfumia marehemu mumewe ilizidi ukubwa hadi ikaishia kufunika birika. Yeye mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Leo hakuwa na kicheko. Vidole vilimtetemeka, na kila vilipotetemeka kitanzi kiliponyoka.

Sweta alilianza kwa ajili ya mjukuu wake. Lakini tangu saa tatu asubuhi lilikuwa limepata mwenyewe mwingine, yule mdogo aliyepitishwa mlango ule akiwa hajafumbua macho. Bibi Sufu alimbeba mwenyewe hadi garini, kichwa kidogo kikimlalia begani. Damu ilikuwa imekauka kwenye ukosi wa gauni lake, naye hakuwa amekwenda kuiosha. Askari aliyeandika maelezo yake alimwambia asiondoke. Aende wapi?

Alikuwa amewekeana ahadi na Mungu, ahadi ya kipumbavu, na alijua ni ya kipumbavu: mkono wa pili ukiisha bila kitanzi kuponyoka, mtoto atapona. Basi kila alipokosea, alifumua.

Saa saba mchana manesi walibadilishana zamu. Dakika chache baadaye mwanamke mmoja aliingia mbio, aproni ya udobi ikiwa imemlowa hadi magotini, shali ya kijani mabegani. Akauliza jambo pale mapokezi, akaonyeshwa benchi. Akajibwaga kando ya Bibi Sufu kama mzigo.

"Wako naye yumo?" dobi aliuliza.

"Yumo."

"Wangu pia. Wanasema vyumba ni viwili humo ndani. Hata sijui yumo kipi."

"Pole, mwanangu."

"Tumeshapoa, mama."

Kila mlango ulipolia, wote wawili waliruka. Mara alikuwa mfagizi, mara nesi aliyepita bila kuwatazama. Bibi Sufu aliendelea kufuma. Safari hii vidole vilimtii: safu kumi, ishirini, thelathini, na hakuna kitanzi kilichoponyoka. Moyo ukaanza kumwambia, labda.

Uzi ukaisha.

Alipekua mkoba, akaukung'uta juu ya benchi. Mfuko wa miwani, sindano za akiba. Uzi hakuna. Mkono wa sweta ulikuwa umefika chini kidogo ya kiwiko. Akajiinamia, akalia kilio cha mtu aliyekwisha kufiwa.

"Mama! Nini tena?"

Akamweleza. Ahadi, vitanzi, uzi. Alitazamia dobi acheke, au amwangalie kama anavyoangaliwa mtu aliyerukwa na akili.

Dobi hakucheka. Alivua shali yake, akaigeuzageuza, akatafuta pindo na kulikata kwa meno.

"Usifanye hivyo! Hii kazi ya mkono."

"Ya mama yangu. Aliimaliza mwezi aliokufa." Akavuta uzi. Safu ya kwanza ikafumuka trrr, kama mchele unaomwagika. "Angekuwa hapa angeifumua mwenyewe. Wewe shika, zungusha."

"Na wewe je, utajifunika nini?"

"Nitajifunika nikishajua wako amepona. Fuma, mama."

Wakakaa hivyo, mmoja akifumua, mwingine akifuma. Dobi alihesabu naye kwa sauti, na Bibi Sufu alipolegea alimgonga goti: "Twende. Ishirini na sita. Twende." Nusu ya mkono wa sweta ikawa ya njano, nusu ya kijani. Shali ikapungua, ikawa kama kitambaa cha mezani, ikawa kama leso.

Saa kumi na dakika chache Bibi Sufu alifunga kitanzi cha mwisho. Hakuna hata kimoja kilichoponyoka. Walitazamana, wakashikana mikono.

Mlango ukafunguka. Daktari alishusha barakoa.

"Nani wa yule mtoto aliyegongwa na gari?"

Bibi Sufu aliinuka, sindano zikamwanguka. Lakini kando yake dobi alikuwa ameshasimama.

"Mimi, daktari. Mimi ndiye mama yake."

"Mguu umevunjika mahali pawili, na kichwani tumemshona. Itachukua muda. Lakini ataishi, mama. Ameshaanza kukuulizia."

Dobi alipiga ukelele uliowatoa watu vyumbani. Akageuka, akamkumbatia Bibi Sufu kwa nguvu hadi miwani ikampinda usoni. Bibi Sufu alisimama mikono ikining'inia, kama nguo kwenye kamba.

"Umesikia, mama? Umesikia? Ataishi!" Kisha dobi akajifuta machozi kwa aproni, akamshika mabega. "Bado wako. Nikishamwona wangu narudi hapa hapa, tumsubiri pamoja. Siendi nyumbani mpaka naye atoke. Ni nani wako, mama? Mjukuu?"

"Wangu ni huyo huyo wako," alisema Bibi Sufu. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha lile gari."