Amelemewa Kidogo

"Mama, mtoto wako amekufa," Wabwire akasema tena, na Kageha akaangua kicheko tena.

"Kwetu hakuna mtu husema hivyo," akajitetea, akijipangusa macho kwa ncha ya leso. "Unaingia polepole. Unaniambia, 'Mama, keti kwanza. Kijana amelemewa kidogo.' Hapo nimeshajua. Nani humtupia mama kifo kama jiwe?"

Mativo, mwenye filamu, akayabadilisha maneno papo hapo. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, na filamu yake ya kwanza ilirekodiwa katika chumba cha Kageha mwenyewe, Ziwani, kwa sababu kilikuwa cha bure. Kageha aliuza mboga, hajawahi kuigiza, lakini Mativo aliupenda uso wake. Alitaka chozi moja la kweli katika uso huo. Javan, mwenye banda la vidio na mwenye hela, alitaka kitu kingine.

"Watu wangu hawalipi kiingilio ndio walie," Javan alisema. "Kulia wanalia nyumbani, bure. Wewe nimalizie na kicheko. Na ujue kamera inarudi kwa mwenyewe jioni."

"Kicheko si sanaa."

"Sanaa ni banda kujaa, Mativo."

Wakajaribu maneno mapya. Kageha alikunja uso kama aliyeumwa na siafu, macho makavu. Kila mara aliitupia jicho sahani iliyofunikwa mezani, ya mwanawe Patrobas.

"Zamu ya usiku kule kiwandani Baba Dogo iliisha asubuhi," alisema. "Labda wamempa ovataimu. Nilitaka anione nikiwa staa."

Hodi ikapigwa. Mativo akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake. Aliporudi alikuwa ametulia ajabu.

"Ni wale wa kuigiza waombolezaji," akamwambia Javan. "Nimewaambia wangoje nje."

Kisha akamvuta Wabwire pembeni, akamnong'oneza. Wabwire akarudi nyuma hatua moja.

"Hiyo ni mbaya, buda. Huyu ni mama ya mtu."

"Ni mchezo tu. Tutamwambia baadaye."

Kamera ikawaka. Wabwire akaingia polepole, kama alivyofundishwa.

"Mama, keti kwanza. Patrobas amelemewa kidogo."

Kageha hakuketi. Alimtazama Wabwire mdomoni, kana kwamba jina lile lingeweza kurudishwa lilikotoka. Halafu akaanguka sakafuni, akamwita mwanawe mpaka sauti ikakatika, na wanawake waliokuwa wakifua nje wakaacha nguo majini. Ulikuwa unyama mtupu. Mativo, jicho kwenye kamera, alitetemeka kwa furaha.

Hata Javan alitazama ukutani. Lakini biashara ni biashara.

"Sasa kicheko changu," akanong'ona.

Mativo hakuizima kamera. "Mama Patrobas, inuka. Tulikuwa tunakuchezea. Patrobas ni mzima."

Kageha akainua kichwa. Ilimchukua muda kuelewa. Akasimama, akamzaba Mativo kofi la nguvu, na baada ya kofi kikaja kicheko, kutoka tumboni, cha mtu aliyerudishiwa dunia yake. Akashika meza asianguke.

"Mashetani nyinyi," alisema, machozi yakimtiririka. "Acha aje. Nitamwambia leo nimemlilia akiwa hai."

Akafunua sahani, akaona chakula kimepoa, akawasha jiko akipashe moto.

Javan alikuwa anachekelea. Wote wawili walikuwa wamepata walichotaka, na jioni haijafika. Mativo akazima kamera, akatoka nje, shavu bado likiwaka.

Wanaume wawili waliokuwa wakingoja, wameegemea ukuta, wakasogea. Walivaa ovaroli za kiwanda kule Baba Dogo, na mkubwa wao alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Umeshamwambia?" akauliza kwa upole. "Mwili uko mochari. Anangojwa yeye tu."

"Nimemwambia," Mativo akasema.

Ndani, Kageha bado alikuwa anacheka.