Chura Mkubwa wa Bwawani

Siku hizi huku Rungwe maji hufunguliwa na vyura. Sikio la chuma kando ya bwawa la uani likisikia chura analia, bomba la jikoni linatoa maji, lisiposikia, linakauka. Tatizo ni kwamba sikio hilo halijui kuwa barafu ikitanda, chura huzama kwenye tope akalala kimya.

Basi msimu mzima wa baridi Atuganile aliamkia bwawani. Kupiga barafu kwa shoka kungewaua kambare kwa mshtuko, kwa hiyo aliweka juu yake sufuria ya maji ya moto, ikayeyusha tundu la kupitisha hewa. Mumewe, Lutengano, alichuchumaa pembeni ndani ya blanketi, akilia kama chura.

"Baba Ipyana, ongeza sauti! Vyombo vichafu vimejaa jikoni."

"Koo limenikauka, mama. Ngoja kwanza ninywe chai."

Hatimaye jua likarudi. Barafu ikayeyuka, kambare wakapiga mikia, chura mmoja akalia, na wenzake wakaitikia. Wote wazima! Atuganile alicheka huku machozi yakimtoka. Lutengano akatupa blanketi, akaenda kujitupa kitandani.

Atuganile alikuwa akijaza ndoo jikoni pale maji yalipokatika. Kipaza sauti cha sikio la uani kikasema kwa upole:

"Hongereni, vyura wenu wamepona. Ila yule mkubwa hatujamsikia leo. Tunamsubiri."

Atuganile akatoka uani, akaliokota blanketi, akalikung'uta, akaenda kumwamsha mumewe.