Boya la Kizibo

Kwanza kilisikika kikohozi kizito kibandani, ikafuata chafya moja, kisha kimya.

"Imekata roho hiyo," alisema Shemboza, mnunuzi wa vyuma chakavu, akiwa amekalia mkokoteni wake mlangoni. "Mama Mbaruku, tuipakie."

"Mwache mwanangu amalize, we kunguru!" Lakini walikwisha kubaliana: mashine ya kusaga mahindi isiposaga leo, Shemboza anaichukua.

Mbaruku alifungua kabureta, petroli ikamfurika mikononi. Ndani mlikuwa na boya la kuzuia mafuta yasifurike, ambalo marehemu baba yake alilichonga kutokana na kizibo chepesi cha chupa na kulipaka vanishi. Petroli ya siku hizi ina spiriti. Ililamba vanishi, boya likainywa, likalewa, likazama, na mashine ikazimika. Kila mara Mbaruku alilikausha, akalipaka upya, akalirudisha. Kutia jingine aliona ni kumzika baba mara ya pili.

Safari hii alilitoa, akamkabidhi mama yake. Kutoka uvunguni mwa kitanda akaleta boya la shaba alilolichomelea zamani, akakosa moyo wa kulitumia. Akalitia, akafunga, akazungusha hendeli.

Mashine ikanguruma. Mkanda ukashika, vumbi la unga wa kale likashuka kutoka kwenye kenchi za paa. Shemboza akainuka mkokotenini.

"Huo si mlio wa baba yako," mama alisema. Petroli ilimchuruzika vidoleni.

"Si wake, Mama. Ni wangu mimi. Na nakuahidi, mahindi ya watu hayatalala tena mlangoni kwako bila kusagwa."