Ukoko kwenye Herufi V

Tangu Kamusi Kuu ilipoacha kutunga mifano na kuanza kuichuma majumbani, kila ukuta pale Tanga una sikio la plastiki la kunasa maneno ya watu, na kila toleo jipya likitoka watu hujitafuta humo kama wanaotafuta matokeo ya mtihani.

Mwanakheri alijikuta kwenye herufi V. Chini ya neno "vumilia" iliandikwa: "Ukoko wa mke wangu nimeuvumilia miaka thelathini, nitashindwa leo?" Hapakuwa na jina. Jina la nini? Miaka thelathini hiyo alikuwa akimkwangulia mumewe ukoko wa wali, akiwanyima hata watoto, kwa kuwa mwenyewe aliapa anaupenda kuliko nyama. Na hayo ya kuvumilia, mumewe alikuwa akimwambia nani?

Mchana Shekue, mumewe, akaketi mkekani. "Mama Rehema, umejiona kwenye kamusi?"

"Wapi, Baba Rehema! Hata sijaifungua," akajibu Mwanakheri, akimwekea ukoko wote.

"Hapo umenipatia!" Shekue akautafuna kwa furaha.

Kijitaa cha lile sikio kikawaka mara mbili: sentensi mbili zimechukuliwa, ya mke na ya mume. Mwanakheri akakitazama, tonge mkononi, asijue ya kwake wataiweka chini ya neno gani.