Uzi Uliolegea

Mvumilivu hula mbivu, husema watu wa nchi kavu. Ndani ya nyambizi, mvumilivu hula maji.

Tulikuwa mazoezini nje ya bandari ya Bergen, Norwe, tumejificha chini ya meli zinazotusaka. Kipimo cha kina kilisema mita tisini, na mshale wake haukutikisika.

Lakini uzi ulikuwa unalegea. Mabaharia wetu huufunga kutoka ukuta hadi ukuta kabla ya kuzama, umekazwa kama wa zeze. Kadiri tunavyoshuka, bahari hukamua chuma, kuta husogeleana, na uzi hulegea. Sasa ulikuwa umening'inia hadi kwenye kikombe changu cha kahawa.

"Kapteni, bado tunazama," nikasema. "Kipimo kimekwama."

"Ragnhild, unaamini uzi wa sweta la bibi yako kuliko chombo? Tulia. Tukipanda watatuona, na zoezi limekwisha."

Chuma kikalia juu ya kichwa changu. Watu ishirini na watatu wakainua macho.

Nikafungua valvu bila amri. Hewa iliyobanwa ikanguruma ndani ya matangi, ikayasukuma maji nje. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Kisha sakafu ikainuka miguuni mwetu.

Tulipoibuka, mlango ukafunguliwa na mwanga wa mchana ukatumulika. Kipimo bado kilisema mita tisini.

Kapteni alikitazama, kisha akanigeukia. "Umevunja amri yangu mbele ya watu wangu. Omba radhi."

"Siombi, Kapteni. Hata kesho sitaomba."