Taa ya Doto Imetulia

Kitendawili! Ndugu wa tumbo moja, mnene ndiye anayekua upesi. Msinipe mji bado.

Huku kwetu kila mtoto hupewa nyota changa kutoka kundi lililozaliwa pamoja, na taa ya kitandani pake hupwita kama nyota hiyo inavyopwita. Nyota ikitulia, mtoto amekua, anahama kwao.

Jana taa ya mjukuu wangu Doto ilitulia. Iliangaza nyumba nzima, nzuri mpaka nikasahau kulia. Ana miaka tisa.

"Bibi, mimi ndiye Kulwa, nilitangulia kuzaliwa!" pacha wake akalalamika. "Mbona anaanza yeye?"

Nikamtegea kitendawili changu. Akanuna.

Doto akajibu mlangoni, kifurushi begani: "Ni nyota, Kulwa. Yangu ndiyo nene. Wewe baki mtoto kwa niaba yetu sote wawili."