Sauti Isiyongojeshwa

Binti alikifungua kwa kompyuta kifaa cha kusikia cha baba yake, akaingia katika kiini cha mfumo alioutunga mwenyewe, pale panapoamuliwa kazi ipi itendwe sasa na ipi ingoje ili betri idumu. Juma lililopita aliamuru kwamba sauti ndogo zisikiamshe kifaa kikilala. Tangu hapo betri hufika usiku, lakini mzee hamsikii mkewe, ambaye hajapata kupaza sauti maishani.

"Baba yako siku hizi ananinunia," alisema mama, akikunja nguo.

"Hakununii, mama. Ni mimi niliyekupanga foleni nyuma ya honi za magari."

Kifaa kilikuwa kidogo kama kunde, kimeng'aa kwa mafuta ya sikio la mzee. Binti akamgeukia mzee aliyeketi kando, akaliinamia sikio lile na kusema kwa nguvu:

"Baba, nikiiruhusu sauti ya mama, betri itazimika kabla ya isha. Hutaisikia adhana."

Mzee akatabasamu. "Wakati wa sala, mama yako hunigusa bega. Wakati wa maneno yake, nani atanigusa?"

Binti akaifuta amri, akakirudisha kifaa sikioni.

Mama alikuwa amewapa mgongo. "Shati hili limekwisha kabisa," akanong'ona kama asemaye peke yake, "na mwenyewe hataki kuliacha."

"Nitaliachaje, nawe ndiwe uliyelishona?"

Mikono ya mama ikasita juu ya kola.